Jiwe Lililobeba Jiwe

Ukoo wa Nkwabi haukushika mfuko. Pale Nyamawe hilo lilijulikana kama ilivyojulikana kwamba jua huzama upande wa Busisi. Watu wakichangia msiba, harusi au ujenzi, mfuko wa turubai ungeweza kushikwa na yeyote, hata mlevi wa kijiji mradi awe amenawa uso, lakini si mtu wa Nkwabi. Wao walitoa mchango kama wengine, tena mara nyingi kuliko wengine, wakaambiwa asante, kisha macho ya mkutano mzima yakawasindikiza mpaka wafike mbali na ule mfuko. Modesta aliyahisi macho hayo mgongoni tangu akiwa binti wa kutumwa na mama yake. Sasa alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwenye wajukuu, na macho yalikuwa bado yapo mgongoni.

Chanzo chake kilikuwa kengele. Enzi za Mwingereza, kabla ya Vita ya Pili, watu wa Nyamawe walisikia kengele ya misheni ikilia ng'ambo ya maji, wakaona wivu. Na shule yao nayo iwe na kengele! Kila kaya ikatoa senti. Senti za siku hizo zilikuwa za shaba na zilikuwa na tundu katikati, kwa hiyo watu walizitunga kwenye kamba ya katani kama wanavyotunga samaki. Na kwa kuwa waliojua kuandika walikuwa wachache, kila kaya ilifunga kamba yake kwa ushanga wa kwao, alama yao, kama walivyokata masikio ya ng'ombe kila mtu kwa mkato wake. Ushanga huo haujafa. Mpaka leo mtoto akizaliwa Nyamawe huvalishwa mkononi ushanga wa kwao, na bibi yeyote akiuona atakuambia mtoto ni wa nani kabla hajamtazama usoni.

Mzigo ule akapewa Nkwabi, babu yake Modesta, kwa sababu ya miguu yake mirefu, na kwa sababu, sikiliza hili vizuri, hakukuwa na mtu aliyeaminika kumshinda. Akautia kwenye kopo la bati, akashika njia ya Mwanza mjini kwa miguu. Njiani homa ikampanda kichwani. Akaogopa kuzimia na mali ya watu mkononi, akalifukia lile kopo, na alipozinduka alikuwa amelala kwenye nyumba ya watu asiowajua, wakimnywesha uji.

"Nimezifukia chini ya jiwe lililobeba jiwe," aliwaambia watu wa kwao aliporudi.

Wakamcheka mpaka machozi yakawatoka. Mwanza yote hii, jiwe gani halijabeba lenzake? Kuanzia Usagara mpaka Kirumba mawe yamepandana migongoni kama watoto wanaocheza. Kicheko kilipoisha yakaja maneno, na maneno hayakuisha. Amezila, wakasema. Lisemwalo lipo, wakasema, kama halipo laja. Nkwabi alichimba chini ya mawe mpaka jembe lake likaisha, likabaki kama kijiko, naye akafa akiwa bado anachimba. Shule haikupata kengele. Ikatundikwa rimu ya lori kwenye mti, ikawa inagongwa kwa nondo, na kila ilipogongwa Modesta alisikia kama mtu anamtukana babu yake.

Kufikia mwaka 1997 Modesta alikuwa akifanya biashara ya chuma chakavu. Kiwanda cha nguo alichokifanyia kazi ujana wake wote kilikuwa kimepunguza watu, na yeye hakuwa mwanamke wa kukaa kibarazani akifukuza nzi. Alinunua mkokoteni, akazunguka vijijini akikusanya masufuria yaliyotoboka, vipande vya mabomba na nyaya za shaba, akavipeleka mjini kwa Zahabia. Huyu alikuwa mjane wa Kibohora mwenye duka la vyuma, na uani kwake alinunua chakavu. Ukoo wa mumewe ulikuwa umeuza misumari mahali pale tangu enzi za Mjerumani.

Serikali ilipofungua milango ya biashara ya nje, kila mtu akaleta anachotaka kutoka Dubai, marehemu mume wa Zahabia naye alileta mashine ya kutafutia madini: fimbo ndefu yenye sahani chini na visikizi vya kuvaa masikioni. Wachimbaji wa Geita waliinunua kwa shangwe, wakairudisha kwa matusi. Dhahabu haikuiona hata punje, ila vizibo vya soda iliviona vyote, hata vile ambavyo hakuna mtu aliyekumbuka kuvitupa.

"Haijui dhahabu kabisa," Zahabia alisema siku hiyo, akiipangusa vumbi. "Lakini shaba inajua. Bati inajua. Takataka zako zote wewe, Modesta, hii inajua."

Modesta alikuwa akipakua mkokoteni. Akasimama na bomba mkononi. "Na senti za tundu je, mama? Za zamani?"

"Za tundu, zisizo na tundu, zote. Kwa nini?"

Modesta akamsimulia. Alisimulia akiwa amesimama, akitazama pembeni, maana alikwishazoea kwamba watu wakifika kwenye jiwe lililobeba jiwe hucheka. Zahabia hakucheka. Kwa hilo tu Modesta alimpenda tangu siku hiyo.

"Chukua," Zahabia alisema. "Hapa inaliwa na vumbi tu. Lakini nisikilize. Ukizipata, usizikwatue! Mama mkwe wangu alikuwa na rupia ya Mjerumani, ya urithi. Siku ya harusi yangu akataka ing'ae mbele ya wageni. Kasugua kwa ndimu na majivu, kasugua, mpaka uso wa mfalme ukafutika. Tukabaki na kibati kinachong'aa. Wewe loweka kwenye mafuta, halafu subiri. Kutu imeingia polepole, iache itoke polepole."

"Nimesikia, mama."

Hivyo ndivyo Modesta alivyoanza kuonekana asubuhi asubuhi kwenye vilima vya Nyamawe na kando ya barabara ya Kigongo, visikizi masikioni, akiipepeta ile sahani juu ya majani kama mtu anayefyeka hewa. Kijiji kikapata cha kusema. Mashine wakaiita mbwa wa Modesta. Ilibweka kweli kweli. Ilibweka kwenye vizibo, kwenye vipande vya majembe, kwenye kijiko, kwenye betri, na siku moja kwenye meno ya reki iliyomilikiwa na padri mmoja miaka mingi nyuma. Vyote Modesta alivichimba, akavitia kwenye mkokoteni. Hasara haikuwepo, aibu tu.

Aliyemchokoza kuliko wote alikuwa Mzee Ngosha, mwenyekiti wa michango, mtunza mfuko na mwenye kuamua nani aushike, kazi aliyoirithi kwa baba yake. Mtu huyu hakuwa mbaya. Alikuwa na huruma penye msiba na alijua kuchekesha penye harusi. Lakini babu yake ndiye aliyekuwa wa kwanza kutamka kwamba Nkwabi amezila, na mtu anaweza kurithi neno kama anavyorithi shamba, akalilima bila kuuliza lilipatikanaje.

"Shikamoo, Mzee Ngosha."

"Marahaba, Mama Shimba," mzee alimjibu kwa jina la mwanawe wa kwanza. "Kengele imelia?"

"Bado, mzee. Ila nimepata vizibo vya bia, vingi mno. Na vingi zaidi nimevikuta upande wa kwako."

Ngosha akacheka, akaendelea na safari yake. Modesta naye alitabasamu mpaka mzee alipopita, kisha akatema mate chini. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Mwezi ukapita, na wa pili, na hakuna kitu. Alikuwa amepima mawe yote yaliyobeba mawe kando ya njia ya zamani, na njia mpya, na hata yale ambayo mwenye akili timamu asingepanda. Kisha siku moja, jua likiwa utosini, malaria ikampiga huko huko porini. Kichwa kikagonga, meno yakagongana wakati jasho linamtiririka. Kivuli kilikuwa hatua chache tu kutoka aliposimama, lakini hakukitaka. Alitaka maji. Mdomo ulikuwa mkavu kama gunzi. Miguu yake yenyewe, bila kumuuliza, ikaanza kuteremka kuelekea ziwani.

Alikuwa katikati ya mteremko alipogundua anachokifanya. Akakaa chini, akacheka peke yake kwa sauti ya mgonjwa.

"Babu! Ulikuwa na kiu!"

Miaka yote hiyo watu walichimba kando ya njia, na Nkwabi mwenyewe, homa ilipopona, alichimba kando ya njia, kwa sababu mtu mzima mwenye afya huifuata njia. Mwenye homa huyafuata maji.

Alimeza vidonge, akalala, akapona, akarudi. Mvua za vuli zilizopita zilikuwa zimegoma na ziwa lilikuwa limerudi nyuma, likaacha tope na matete makavu mahali ambapo kwa miaka mingi palikuwa maji. Hapo, karibu na ukingo, lilikuwepo jiwe pana lililobeba jiwe dogo, si kubwa la kutajwa, la kimo cha ng'ombe aliyelala. Modesta alipitisha sahani chini yake. Ikalia. Haukuwa mlio wa kizibo, ule mkali wa kuudhi. Ulikuwa mnene na ulikataa kunyamaza.

Alichimba kwa jembe, kisha kwa mikono. Kopo lilikuwa limekwisha, limebaki vigamba vyekundu vilivyopukutika akivigusa. Lakini ndani ya vigamba palikuwa na donge la kijani, zito, la ukubwa wa boga dogo, na kwenye ubavu wake vilionekana viduara, na kwenye viduara vitundu. Modesta akalipakata pale pale topeni. Alilia bila kujificha, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumwona ila korongo mmoja, na korongo hana ukoo wa kusema.

"Nimekuona, babu," alisema. "Nimekuona mimi."

Akalifunga kwenye kanga, akalibeba kichwani mpaka nyumbani.

Nyumbani aliishi na dada yake mkubwa, Evelina, mjane kama yeye. Hapa lazima Evelina aelezwe, la sivyo utamlaumu bure. Evelina alikuwa na sifa moja tarafa nzima: masufuria yake. Aliyakwatua kwa mchanga na majivu kila jioni, akayapanga ukutani, na ungeweza kuchana nywele ukijitazama kwenye lolote. Kwake yeye, kitu kichafu ni kitu kisichopendwa. Modesta alimkabidhi lile donge, akamwambia, "Dada, litunze kama mboni ya jicho, naenda kwa Mzee Ngosha sasa hivi aitishe mkutano," akatoka mbio bado ana tope magotini. Maneno ya Zahabia kuhusu kukwatua hakuyasema. Furaha ilimsahaulisha.

Basi Evelina akatunza.

Modesta aliporudi, aliona kwanza ungo uani, umeanikwa juani, na juu ya ungo duara za shaba zikimetameta kama zimetoka kiwandani jana. Kando yake dada mtu amepiga magoti, mikono imejaa majivu, uso umejaa fahari. Lile donge lilikuwa kwenye beseni la maji ya ndimu, limemegwa upande mmoja.

"Dada! Umefanya nini?"

"Nimeanza na kamba ya juu. Tazama zinavyong'aa! Hizi nyingine zitang'aa kesho."

"Kamba iko wapi? Ushanga uko wapi?"

"Kamba ilikuwa kijani inanuka, nimetupa jikoni motoni. Ushanga sijui. Kulikuwa na vitakataka, nimevimwaga na maji." Evelina akaonyesha uani, mahali ambapo kuku walikuwa wanaparua tope.

Modesta akafungua mdomo kusema jambo ambalo mdogo hamwambii mkubwa wake. Evelina akamwahi. "Jina la babu limekaa chafu tangu hatujazaliwa," alisema. "Leo watu wanakuja kulitazama. Nilitoe nje likiwa na uchafu? Mimi?"

Modesta alilitoa donge kwenye ndimu, akalisuuza, akaketi chini kando ya dada yake. Wote wawili wakapepeta tope la uani kwa vidole mpaka giza likaingia. Walipata kifungo cha shati na jino la mtoto. Ushanga hawakuupata, na walijua wameupoteza upi, kwa maana kamba ya juu ndiyo iliyotiwa mwisho, na aliyetia yake mwisho, baada ya kupokea za watu wote, alikuwa Nkwabi mwenyewe.

Mkutano ukasogezwa mbele. Modesta aliliweka donge kwenye chungu cha mafuta ya pamba, akangoja. Kungoja ndiko kulikomchosha kuliko kutafuta. Kila asubuhi alilitoa, akalipangusa kwa unyoya, akachokoa kutu iliyolainika kwa mwiba, kidogo tu, akalirudisha. Kutu ya shaba ina ajabu yake. Imekula bati lote, lakini kamba za katani ilizilinda, zikawa ngumu na za kijani, fundo zote zimesimama mahali zilipofungwa. Na kwenye fundo, moja baada ya nyingine, ukaanza kufungua macho ushanga.

Wakati huo huo maneno yalikuwa yanatembea, maana jirani alikuwa amezichungulia zile senti za ungoni. Yakamfikia Ngosha yakiwa yamenona. "Senti zinang'aa," alisema kilabuni. "Zimekaa ardhini tangu enzi za babu zetu na zinang'aa! Mama Shimba anauza chakavu mjini. Senti za tundu huko zinauzwa kwa kilo. Mnataka nimalizie?" Hawakutaka amalizie, walikuwa wanacheka.

Siku ya mkutano ilipofika, watu walijaa uwanja wa shule, maana kulikuwa na jambo la pili pia: upepo ulikuwa umeezua darasa na ilibidi kuchangia mabati. Evelina alibaki nyumbani, hatua chache kutoka uwanjani, akimchinjia jogoo Mzee Ngosha na kamati yake, kama ilivyo desturi kwa kaya iliyoita mkutano. Rimu ikagongwa. Modesta akaja mbele amevaa gauni lake la kanisani, ameshika chungu kwa mikono miwili.

"Shikamooni, wazee wangu. Babu yangu alisema jiwe lililobeba jiwe. Mlicheka. Leo sitaki mniamini mimi, wala sitaki mumwamini babu. Njooni mtazame vya kwenu."

Akalitoa donge, mafuta yakichuruzika, akalilaza kwenye kitambaa cheupe, na kwa mwiba wake akaanza kuzitenganisha kamba. Ya kwanza ikalegea, ikalala peke yake. Senti zake zilikuwa bado na rangi ya majani, na mwisho wake, kwenye fundo, ushanga mweupe umebana katikati ya mbili nyekundu.

Kisha ajuza mmoja, Bibi Suzana, ambaye macho yake yalikuwa hayamfai tena kwa kuchagua mchele, akainuka bila fimbo yake.

"Mayu, mama yangu! Huo wa kwetu!"

Akamvuta kitukuu wake, akaunyanyua mkono wake mdogo hewani ili watu wote waone. Mweupe katikati ya mbili nyekundu. Bibi Suzana akapiga kigelegele kimoja kirefu ambacho hakuna aliyefikiri bado anacho, na hapo uwanja ukavunjika. Watu wakasukumana. Kila kamba iliyolegea ikapata mwenyewe. Hii ya kwetu! Hii ya mjomba! Wanawake walibeba watoto juu juu, mikono ikilinganishwa na fundo. Mwanamume mmoja mzima alibusu senti yenye kutu, mdomo ukabaki kijani. Modesta alikuwa amepiga magoti katikati yao, akitenganisha, moyo umemjaa mpaka pumzi ikawa haba. Fahari ile ilikuwa na uzito, aliihisi kifuani kabisa, kama lile donge siku alipolipakata.

Ya Ngosha ilikuwa kati ya za mwisho. Rangi ya maziwa tupu, ushanga mmoja mkubwa uliopasuka. Mzee akautazama, akamtazama mjukuu wake aliyekuwa mgongoni kwa mama yake. Akavua kofia.

"Nkwabi hakula," alisema kwa sauti ya wote kusikia. "Babu yangu alikosea. Na mimi nimekosea."

Angeishia hapo, ingekuwa vizuri. Lakini mtu aliyeshikilia neno maisha yake yote haliachi kwa mkono mmoja. Ngosha alizitazama kamba zilizopangwa, akakuna kidevu. "Ila nauliza tu, Mama Shimba. Kaya zote ziko hapa. Ya Nkwabi mwenyewe iko wapi? Alibeba zetu, yake hakutoa?"

Modesta akaingiza mkono kifuani, akatoa kitambaa, akakikunjua. Senti zikametameta.

"Ni hizi."

"Hizi hazina kamba."

"Zilikuwa nayo. Tumezikwatua wenyewe, mzee, kwa kutojua. Na ushanga umepotea."

Hakusema ni nani aliyekwatua. Alijua jinsi linavyosikika, alijua kabisa. Mtu nyuma akaguna, mwingine akakohoa, na Modesta akayahisi macho yakirudi mgongoni, moja baada ya lingine, yakikaa mahali pao pa siku zote. Afadhali wangemwita mwizi. Mwizi angalau ana kitu. Bahili aliyebeba kengele ya watoto bila kutoa hata senti yake, huyo atachekwa na wajukuu wa wajukuu.

Hapo ndipo Evelina alipotokea kwenye kona ya darasa, anakimbia, na Evelina hakuwa mtu wa kukimbia. Kitenge kimefunguka, mikono ina damu mpaka viwikoni, na mbele yake amebeba kitu kwenye kiganja kama aliyebeba yai.

"Ngoja! Mzee Ngosha, ngoja!" Alifika mbele, hana pumzi. "Firigisi ni ya mgeni mkubwa. Si ndiyo desturi? Basi nimekuletea ya kwako mbichi. Itazame kabla sijaipika."

Firigisi ya jogoo ilikuwa imepasuliwa katikati, kama mpishi anavyoipasua kuisafisha. Ngosha akainama. Kati ya changarawe na punje za mtama, zimesuguliwa na tumbo la jogoo mpaka zikawa safi kuliko chochote alichowahi kukwatua Evelina, zilikuwepo shanga tatu. Bluu, nyeusi, bluu.

Modesta alimwita mjukuu wake wa kike, akaukunja mkono wa gauni lake. Bluu, nyeusi, bluu.

"Nilimwaga mimi na maji machafu," Evelina alisema, sasa akilia na kucheka pamoja. "Mimi ndiye niliyekwatua. Na jogoo akaokota."

Aliyeanza kucheka alikuwa Ngosha mwenyewe. Alicheka mpaka akashika magoti, na uwanja mzima ukamfuata. Watu wa Nyamawe walikuwa wamecheka juu ya Nkwabi tangu enzi za Mwingereza, lakini kicheko hiki Modesta angeweza kukisikiliza mpaka jioni. Mzee akazichukua shanga kwa vidole vyake mwenyewe, akazifuta kwenye koti lake zuri, akazilaza juu ya senti zinazong'aa. Kisha akauchukua mfuko wa turubai uliokuwa begani kwake, akamnyooshea Modesta.

"Mama Shimba. Michango ya mabati. Shika mfuko."

Modesta akautazama ule mfuko, ulivyochakaa kwenye mshipi kwa mabega ya watu wengine. Hakuupokea. Macho yalikuwa bado mgongoni. Yalikuwa mazuri sasa, yamelainika, yana machozi hata, lakini yalikuwepo.

"Nitaushika, mzee wangu," alisema. "Lakini kwanza geukeni."

"Tugeuke?"

"Mgeuke wote mtazame ziwa. Mama yangu alikufa hajawahi kuukaribia mfuko bila kutazamwa. Mimi nitaupokea nisipotazamwa. Mchango wenu wekeni hapa kwenye kitambaa, halafu mtazame maji mpaka niwaambie."

Watu walitazamana. Ngosha alikuwa wa kwanza. Aliuweka mfuko chini kwenye kitambaa, polepole, akavaa kofia yake, akageuka. Bibi Suzana akageuka, amemshika kitukuu bega amgeuze naye. Wakaweka walichokuja nacho, wakageuka, kaya kwa kaya, mpaka Nyamawe yote ikawa migongo, na mbele yao ziwa limetulia hadi ng'ambo.

Modesta akaushika mfuko. Akakusanya mchango taratibu, noti moja moja, bila mtu kumtazama. Alipomaliza akauvaa begani, akausawazisha, na machozi yakamtiririka kwa raha zake. Kazi ilikuwa imekwisha. Angeweza kuwaambia wageuke.

Aliwaacha wasimame.